Mikono ya Mama na Neno Baridi

Wiki sita zilizopita nilikuwa kwenye khitma ya jirani, mtaa wa pili kutoka kwetu, hapa Unguja. Wanawake tulikuwa uani tunaandaa pilau. Huyu anachambua mchele, yule anamenya viazi, na mazungumzo yanaendelea juu ya moshi wa kuni. Pembeni yangu alikaa mama mmoja kijana, umri wake miaka 31, mwanawe wa miezi mitano amelala juu ya mkeka. Alipewa kisu na beseni la vitunguu.

Akamenya kimoja. Cha pili kikamtoka mkononi. Alipokiokota, hakutumia ncha za vidole. Alikizoa kwa kiganja, kama mtu anayezoa mchanga. Halafu akakiweka kisu chini polepole, akaingiza mikono yote miwili chini ya kanga.

Bibi aliyekaa mbele yake akamwuliza kulikoni.

"Vidole, bibi. Tangu nijifungue. Asubuhi havikunji kabisa."

"Baridi hiyo. Ulioga maji ya baridi kabla ya arubaini yako."

Mwingine akataja mafuta ya karafuu. Wa tatu akasema habasoda kwa asali. Wa nne akamkataza kulala na feni. Yule mama kijana akaitikia kila neno, "ndiyo bibi, ndiyo bibi", huku anatazama vitunguu vilivyobaki.

Mimi nilinyamaza.

Kimya kile kimenikaa kooni tangu siku hiyo. Mikono ile naijua. Niliiona kwa mama yangu mzazi, na mtu wa kwanza nyumbani kwetu kusema "ni baridi tu" nilikuwa mimi.

Neno lenyewe

Maradhi haya tunayaita baridi yabisi. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu, kilichokauka. Matabibu wa zamani waliyapanga maradhi kwa joto na baridi, kwa unyevu na ukavu, na hesabu hiyo bado inaishi majikoni mwetu tunaposema chakula hiki ni cha moto na kile ni cha baridi. Si sisi peke yetu. Wazungu nao waliyaita maradhi ya viungo kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kutiririka, kwa kuamini kuna maji mabaya yanayoshukia kwenye maungo. Jina rumatoidi athraitisi, ambalo madaktari wanalitumia hadi leo, lilitolewa na daktari Mwingereza, Alfred Garrod, mwaka 1859, na ndani yake bado mna yale maji yanayotiririka.

Kila mtu aliyapa jina kwa kile alichodhani kinayaleta.

Nusu ya jina letu ni ya kweli. Yabisi ipo. Mgonjwa akiamka, vidole vimekauka kama kamba iliyolala kwenye maji ya chumvi ikaanikwa juani, na hulainika baada ya saa nzima au zaidi. Nusu ya pili, ile baridi, ndiyo iliyotupoteza. Wagonjwa wengi husema maumivu huzidi wakati wa baridi na unyevunyevu, na mama husema hivyo kila kusi inapovuma. Lakini kinachozidisha maumivu si lazima kiwe ndicho kilichoyaleta.

Kinachotokea ni kinga ya mwili kukosea adui. Kinga hiyo ndiyo inayotulinda na vijidudu. Hapa inaushambulia utando laini unaoyazunguka maungio kwa ndani, ule unaotoa ute wa kuyalainisha. Utando unavimba, unakuwa mnene, unaanza kula gegedu, ule utandiko mlaini unaofunika ncha za mifupa, na hatimaye mfupa wenyewe. Kano zinazonyoosha vidole zinalegea na kuhama mahali pake. Maradhi hupenda kuanzia vifundo vya vidole, pale tunapokunja ngumi, na kifundo cha mkono, na mara nyingi hushika mikono yote miwili kwa mfano mmoja. Viungo vya mwisho kabisa, vile vilivyo karibu na kucha, kwa kawaida huviacha. Vile huliwa zaidi na ule uchakavu wa viungo wa uzeeni, ambao ni maradhi mengine.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa nayo, na takriban asilimia 70 ni wanawake. Tena si maradhi ya vikongwe peke yao. Huweza kumkamata mtu wa miaka 30, mwenye watoto wadogo, katika nguvu zake. Na miezi ya baada ya kujifungua ni wakati unaojulikana kabisa kwa maradhi haya kuanza au kuamka upya.

Hilo la mwisho nilikuwa nalijua siku ya khitma. Nilikuwa nalijua nami nimekaa nachambua mchele.

Pete

Mama yangu alikuwa mshona kofia. Kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ambazo moja humchukua mtu miezi. Amezishona zaidi ya miaka 30. Nilikulia chini ya kiti chake nikiokota vipande vya uzi, na ninapofumba macho nikamfikiria mama, uso huja wa pili. Kwanza huja gumba na kidole cha shahada vikiwa vimebana sindano.

Alipoanza kulalamika alikuwa na miaka 52. Alisema sindano imekuwa nzito. Tukacheka naye, sindano ina uzito gani? Kisha akaanza kuamka kabla ya adhana ya alfajiri ili vidole viwahi kulainika kabla ya kutawadha. Alifungua bomba kwa kisugudi, na tukadhani ni tabia tu ya utu uzima.

Tulifanya yote ambayo watu hufanya. Mafuta ya karafuu, mafuta ya nyonyo, hijama. Feni ikaondolewa chumbani kwake. Kwenye kituo kimoja wakampima damu, wakasema ni jongo, akakatazwa nyama nyekundu, maharage na pweza, akavumilia mwaka mzima bila ya kuonja pweza. Kwingine wakamwuliza kama aliwahi kuugua homa kali pamoja na maungo, na swali lile lilikuwa la maana, kwa sababu kwenye ukanda wetu kuna chikungunya. Homa ile ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanzania, uwanda wa Makonde, mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, linaelezea mtu aliyepinda kwa maumivu. Inaweza kuacha maungo yakiuma kwa miezi mingi. Lakini mama hakuwa na homa.

Siku iliyonivunja moyo ni ya pete. Kidole kilivimba mpaka pete ya ndoa ikazama. Tukajaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya nazi, uzi wa kuzungusha, wapi. Nikampeleka kwa sonara. Yule mzee alitumia kisumeno chembamba, akaweka kijiti cha bati baina ya pete na ngozi, akakata taratibu, anapuliza vumbi la dhahabu, anakata tena. Mama hakulia. Alikitazama kile kidole chenye mkanda mweupe mahali pete ilipokaa miaka 29, akasema, "Sasa kofia basi."

Bahasha ya kaki

Hii sehemu naiandika kwa tahadhari, lakini siwezi kuiruka.

Kuna duka la dawa ambalo mtu alituelekeza. Mama alipewa bahasha ndogo ya kaki, ndani vidonge vya rangi tatu, bila jina, bila maelezo zaidi ya "asubuhi na jioni baada ya kula". Siku ya tatu mama alikunja ngumi. Alifua mwenyewe. Alipika, akaimba, akamwita shoga yake aje aone. Nyumba nzima tulimshukuru Mungu.

Tulirudi kununua bahasha ile kwa miezi minane.

Uso wake ukaanza kujaa, mashavu yakawa mviringo. Watu wakasema amenawiri. Kisha kiu, na kwenda haja ndogo usiku kucha, na sukari ilipopimwa ilikuwa juu. Baadaye daktari alipoviona vidonge vile alitambua kimoja ni prednisoloni, dawa ya jamii ya stiroidi, na kingine diklofenaki, ya kutuliza maumivu. Stiroidi ni dawa ya kweli, na si ya kudharau. Mwaka 1948 huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotizoni mgonjwa wa maradhi haya aliyekuwa hawezi kutembea, naye akasimama baada ya siku chache. Hench na wenzake wawili wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Furaha yetu ya siku ya tatu ilikuwa furaha ile ile. Lakini dawa ile ikitumiwa muda mrefu bila ya kusimamiwa huleta kisukari, hudhoofisha mifupa, hufungulia njia maambukizo. Na ukishaizoea haikatwi ghafla, lazima ipunguzwe kidogo kidogo kwa mkono wa daktari.

Jambo lililonichoma zaidi ni hili: ilizima maumivu, nasi tukaacha kutafuta. Huku chini ya mashavu yale yaliyonawiri, mifupa ya vidole iliendelea kuliwa.

Mkono kubanwa

Tulivuka kwenda Dar es Salaam kwa daktari wa viungo. Ni wachache mno madaktari hawa kwetu, na kumpata mmoja kulichukua miezi.

Hakuanza na karatasi za vipimo. Aliomba mikono. Akaushika mkono wa mama kama anayepeana naye salamu, akavibana vifundo vinne vya vidole kutoka pembeni, kidogo tu. Mama akauvuta mkono wake kwa nguvu, machozi yakamlenga. Daktari akauacha mara moja, akamwomba radhi. Kisha akamwuliza:

"Asubuhi, mama, inachukua muda gani mpaka vidole vikusikilize?"

Miaka miwili na nusu ya kuhangaika, na hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo.

Picha ya eksirei ilionyesha vidonda kwenye mifupa, vijishimo vilivyoliwa pembeni mwa viungo. Havirudi. Daktari alitueleza bila kutuficha kuwa dawa zinazouzuia ugonjwa wenyewe hufanya kazi nzuri zaidi zikianzwa mapema, katika miezi ile mitatu hadi sita ya mwanzo. Alisema pia kipimo cha damu kinaweza kutoonyesha kitu mwanzoni, na ugonjwa ukawa upo, kwa hiyo mikono yenyewe ni ushahidi.

Akaanzishiwa methotreksati, mojawapo ya dawa hizo. Nataka kila anayesoma hapa alishike hili moja: dawa hii kwa maradhi haya humezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa. Mama alichagua Ijumaa, akasema siku hiyo hawezi kuisahau, na siku nyingine humeza asidi ya foliki kupunguza madhara. Damu na ini hupimwa mara kwa mara. Mwanamke mwenye mimba au anayetaka kushika mimba hapewi, wala anayenyonyesha. Zipo nyingine ambazo daktari humchagulia, kama haidroksiklorokwini.

Kwenye boti ya kurudi mama alikuwa kimya mpaka tukaiona minara ya Mji Mkongwe. Ndipo akaniambia kitu alichokuwa nacho kifuani muda wote. Aliamini amejiletea mwenyewe. Kwa sababu alikuwa akishona hadi usiku, mikono imepata moto, kisha anaosha vyombo kwa maji ya baridi. Mama yake mzazi alikuwa akimkanya, naye hakusikia.

Neno baridi lilikuwa limemfanya mkosaji.

Usiku ule nilimsomea habari za Christiaan Barnard, yule daktari wa Afrika Kusini aliyepandikiza moyo wa mtu kwa mtu mwingine kwa mara ya kwanza duniani, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Mikono yake ilikuwa na maradhi haya haya. Aliendelea kupasua kwa miaka, maumivu yakizidi, hadi mwaka 1983 alipouweka kisu chini. Methotreksati iliidhinishwa Marekani kwa maradhi haya miaka mitano baadaye, 1988.

"Naye alikosea nini?" mama akauliza.

"Hakukosea kitu, mama."

Akanirudisha. "Hebu sema tena."

Nikasema tena.

Barafu

Mara ya pili tulipokwenda, vifundo viwili vilikuwa vimewaka, vyekundu na vya moto ukivigusa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwambia: siku kama hizi, funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika kumi, ondoa, na mkono uupumzishe.

Mama alinitazama. Barafu! Miaka yote ile hakugusa hata maji ya mtungi.

Nyumbani ilimchukua siku mbili kukubali. Siku ya tatu uvimbe ulimzidi, akaniita jikoni, akanyoosha mkono juu ya meza na kugeuza uso upande wa pili, kama mtoto anayechomwa sindano. Nikauweka ule mfuko. Baada ya dakika chache mabega yake yakashuka. Hakusema kitu. Dakika kumi zilipokwisha nikataka kuuondoa, akauzuia kwa mkono wa pili.

Joto nalo lina kazi yake: asubuhi, kwa ukavu. Hutia mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, dakika kumi, kisha hufanya mazoezi humo humo. Lakini kiungo kilichowaka moto hakitaki joto juu ya joto.

Nilivyomnyang'anya kazi

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Tangu siku ya pete nilimwondolea mama kila kitu. Sikumwachia kijiko. Nilimfunga vifungo, nikamkatia chapati vipande vidogo, nikawakataza wajukuu kumshika mkono kumbusu. Nilidhani nampenda, na kweli nilimpenda. Mikono yake ilikaa chini ya kanga mchana kutwa, imetulia kama vitu vya mtu aliyesafiri.

Yule mtaalamu alipomwambia ajaribu kushika kikombe, mama alishindwa, na maumivu ya siku hiyo yalikuwa madogo. Misuli ilikuwa imekwisha. Mtaalamu akaniuliza mimi, si mama: "Anafanya kazi gani nyumbani?" Nikajibu kwa fahari kuwa hafanyi kitu, tunamfanyia sisi. Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema kwa upole kwamba kiungo kilichokaa kinakauka zaidi, na mfupa usiotumika unadhoofika, na kwamba mimi na bahasha ile ya kaki tulifanana: tuliondoa maumivu ya leo tukaiacha mikono iende.

Maneno hayo yaliniuma. Bado yananiuma, nayo ni ya kweli.

Alituambia pia kuna utafiti uliofanyika Uingereza, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2015, uliofuatilia watu 490 wenye maradhi haya mikononi. Waliofundishwa mazoezi ya kulainisha na kutia nguvu, pamoja na dawa zao, walikuwa na mikono yenye uwezo zaidi baada ya mwaka kuliko waliopewa huduma ya kawaida peke yake, na mazoezi hayakuwazidishia maumivu. Nilikuwa nimeogopa kitu ambacho hakipo.

Basi tukaanza. Asubuhi, mikono ndani ya beseni. Kunyoosha vidole vyote. Kuvikunja nusu, kama ndoana. Kukunja ngumi, ile inayowezekana siku hiyo. Gumba kugusa ncha ya kila kidole, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Kuweka kiganja mezani na kutembeza vidole kuelekea kwenye gumba, kwa sababu maradhi haya huvisukuma vidole upande wa kidole kidogo, na mtu anapaswa kuvirudisha upande wa pili kila siku. Kwa kutia nguvu tulianza na sifongo, kisha mama mwenyewe akafikiria donge la unga wa ngano. Analiminya, analikunjua, analiviringisha kuwa kamba. Siku vifundo vikiwaka, kuminya hakuna, ni kunyoosha kidogo tu na kupumzika.

Kipimo alichotupa ni rahisi. Kazi ikimalizika na maumivu yaliyozidi yakakaa zaidi ya saa mbili, kesho punguza. Yakiondoka kabla, uko sawa.

Kisha tukalipanga jiko upya, na hapa mama akawa mwalimu. Mkono wa kisu tuliuvalisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukawa mnene. Kitu chembamba ndicho kinachokamua vidole. Sufuria hubebi kwa mkono mmoja ukaliacha lining'inie kwenye vidole. Unalipokea kwa viganja viwili chini, kwa vitambaa. Mfuko wa soko unaingia begani au juu ya mkono, karibu na kisugudi. Kifuniko cha chupa kinafunguliwa kwa kiganja cha kulia na kufungwa kwa cha kushoto, ili nguvu iende upande wa gumba. Chupa ya chai tuliibadilisha, tukanunua ile ya kubonyeza kwa kiganja. Nguo hazikamuliwi kwa kusokotwa: zinazungushwa kwenye bomba na kuvutwa, au zinaachwa zichuruzike. Mbuzi ya kukunia nazi tumempa jirani. Tui linatoka kwenye blenda na linakandamizwa kwenye chujio kwa kiganja. Mama anasema ladha si ile. Sikubishani naye.

Usiku huvaa mkanda mgumu wa kifundo cha mkono, unaoushikilia mkono ulale umenyooka. Na salamu: huweka mkono kifuani kwanza, halafu hutoa kiganja yeye mwenyewe, kwa wakati wake, kwa anayemjua hatambana. Wajukuu wamerudi kumbusu mkono. Wanaushika kwa chini, kama wanaopokea yai.

Kofia? Anashona. Dakika 20 kwa saa ya ukutani, kisha sindano chini. Sindano ameifunga kwenye kishikio cha kizibo. Kofia aliyoanza mwaka jana haijafika nusu, na vitundu vyake si vya usawa kama vya zamani. Anaviona mwenyewe, na huwa havifumui.

Nilipokwenda

Kwa nini nilinyamaza siku ya khitma? Nimejiuliza usiku mwingi. Nilijiambia mimi si daktari. Nilijiambia si adabu kumpinga bibi wa watu mbele ya wenzake, na hilo naliamini hadi leo. Lakini ningeweza kumngoja mlangoni. Ningeweza kumfuata kesho yake. Nadhani nilichoogopa hasa ni kumtia hofu: kumwambia binti mwenye mtoto mchanga kwamba huenda hii si baridi ya arubaini, huenda ni jambo la kukaa nalo maisha. Neno baridi lina huruma. Baridi hupita.

Na kila wiki niliyokaa kimya ilikuwa inakatwa kwenye ile miezi sita.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake, pamoja na mama. Mama ndiye aliyetaka. Tulimkuta anajaribu kumvika mtoto, anavuta kifungo cha shingo kwa meno. Hatukuanza na maradhi. Tulikaa, tukanywa chai, tukamsifu mtoto. Kisha mama akaitoa mikono yake chini ya kanga na kuiweka juu ya mapaja, wazi, na vidole vyake viwili vilivyopinda kama shingo ya bata. Yule binti akaiangalia, akatoa yake, akaiweka kando.

"Asubuhi, mwanangu, inachukua muda gani mpaka vidole vikusikilize?" mama akauliza.

"Mpaka saa nne, mama. Siku nyingine saa tano."

Mama akamshika mkono kama daktari alivyomshika yeye. Hakubana. Alimgusa tu kila kifundo kwa kidole chake, kimoja baada ya kimoja, akiniangalia mimi.

Nilimweleza kwamba sisi si wa kumwambia ana nini, ila hili linataka kuangaliwa sasa, na ataje kuwa ananyonyesha, na asikubali bahasha yoyote isiyo na jina la dawa. Aliuliza kama atawahi kumbeba mwanawe vizuri. Mama hakumjibu kwa maneno. Akanyanyuka, akamfundisha: mkono wa mbele wote unapita chini ya mwili wa mtoto, mwingine unashika mgongo, uzito unalala juu ya mikono na kifua, vidole havina kazi. Binti akajaribu. Mtoto akatulia begani kwake, akaanza kunyonya ukingo wa kanga.

Nimemwomba ruhusa kuandika haya, akakubali, ila jina lisitajwe.

Kesho saa moja asubuhi tunapanda boti, sisi watatu na mtoto. Mama ameshaipanga safari: ameweka khanga mbili, beseni dogo la plastiki kwa ajili ya maji ya uvuguvugu ya asubuhi, na ile chupa ya chai ya kubonyeza, ameijaza mwenyewe.